Mafundi na wakandarasi wadogo: mhasibu wako anakuja kabla ya bei au anakuja Juni?

Nyaya_Dom (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite, tutakutana chini.

Mimi ni fundi umeme hapa Dodoma. Jina la biashara BRELA ninalo, CRB (bodi ya makandarasi) nipo daraja la saba, kampuni sina. Niko mimi, pikapu, na vijana wanne mpaka sita kutegemea kazi. Nusu ya mwaka natandaza nyaya kwenye nyumba za watu Ilazo na Kisasa, nusu nyingine nafanya kazi chini ya wakandarasi wakubwa kwenye majengo ya ofisi.

Kwa miaka sita mhasibu kwangu alikuwa mtu wa Juni. Ikifika tarehe ishirini na kitu namkumbuka, nampelekea ndoo. Ndiyo, ndoo ya rangi ya lita 20 iliyokwisha rangi, imejaa risiti. Anahesabu, anajaza ritani ya kodi kabla mwezi wa mwisho wa kuipeleka haujaisha, namlipa, tunaagana mpaka Juni nyingine.

Hesabu za 2023 ndizo zilizonitoa usingizini. Fedha niliyopokea mwaka ule ilikuwa milioni 92. Kwa akili yangu nilijua nimetumia kama milioni 74, maana kila shilingi ilipita mkononi mwangu. Risiti zilizosomeka zikatoa milioni 61. Nyingine zilikuwa nyeupe! Karatasi ya EFD, ile mashine ya risiti, haiandikwi kwa wino, inachomwa kwa joto, na mimi nilikuwa nazirundika kwenye dashibodi ya pikapu. Jua la Dodoma mnalijua. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona kivuli cha nembo, tarakimu zimeondoka.

Kwa hiyo kwenye karatasi faida yangu ikawa milioni 31 badala ya 18. Kodi ya milioni 18 ni 3,336,000. Kodi ya milioni 31 ni 7,236,000. Yaani dashibodi ilinitoza 3,900,000.

Nikampigia shemeji, mdogo wake mke wangu, mhasibu yuko Morogoro. Akaja wikiendi. Kitu cha kwanza hakugusa ndoo. Akaomba taarifa ya benki, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: "Shemeji, hawa wamekukata milioni mbili na nusu, cheti chake kiko wapi?"

Cheti gani tena? Mimi nilidhani kodi ya zuio ni kama tozo ya daraja, ukishapita umepita. Kumbe ile ni kodi yangu niliyolipiwa kabla, inatakiwa itolewe kwenye kodi ya mwaka. Alipofuatilia, kampuni iliyonikata (siitaji) ilikuwa bado haijapeleka. Barua mbili na simu nyingi, wakapeleka, cheti kikatoka. Kisha akanituma kwa wenye maduka ya vifaa ninakonunua kila siku, wakanitolea upya nakala za risiti zile walizoweza. Tukafufua milioni 8 kati ya 13.

Hesabu ya mwisho: faida milioni 23, kodi 4,836,000. Toa 2,500,000 ya zuio, toa awamu nne za laki nne nne nilizokwisha kulipa. Nikabakiwa na 736,000.

Lakini lililoniuma zaidi si kodi. Shemeji alizigawa gharama zote kwa saiti. Ile kazi ya jengo la ofisi niliyokuwa natambia watu, mkataba wa milioni 55, nililipwa 50 na milioni 5 zimeshikiliwa mpaka kipindi cha matazamio kiishe, yaani muda wa kuangalia kasoro baada ya kazi. Gharama zake milioni 46.8. Miezi minne, faida mkononi milioni 3.2. Vijana wangu walikaa siku 23 wakisubiri watu wa plasta wamalize, na kila Jumamosi nikawalipa. Zile nyumba ndogo za Ilazo nilizokuwa nazidharau ndizo zilizotoa 14.8.

Sasa swali langu kwenu. Nyie mnaojiajiri kwenye kandarasi, mhasibu anawasaidia nini hasa ukiacha ritani? Na wahasibu mliomo humu, mbona mambo haya hamtuambii mpaka tuoe kwenye familia zenu?

Kijiko_na_Karai

Mkuu hiyo ndoo umeitoa kwangu? Tofauti yangu na yako, mimi ni kiroba cha unga.

Ila niulize kwa heshima. Kwa nini tuhangaike na mahesabu yote hayo? Jirani yangu ana duka la vifaa, mauzo yake hayafiki milioni 100, analipa asilimia 3.5 ya mauzo basi. Hana mhasibu, ana daftari la kaunta. Mimi fundi ujenzi kwa nini nisilipe makadirio kama yeye?

Leja_Nyekundu

Nimeona tumeitwa, nimekuja. Mimi ni CPA, mhasibu aliyesajiliwa, nahudumia watu wa ujenzi, magari na mashine za kuchimba. Nianze na swali la Kijiko kwa kuwa linawaumiza wengi.

Mkuu, mfumo ule wa kodi kwa kiwango cha mauzo hauwahusu watoa huduma za kitaalamu, za kiufundi, za usimamizi, za ujenzi na za mafunzo. Jirani anauza nondo, yumo. Wewe unaifunga nondo, haumo. Wewe unatakiwa uandae hesabu za faida na hasara, utozwe kwa viwango vya mtu binafsi: milioni 3.24 za kwanza bila kodi, kisha asilimia 8, 20, 25, na faida inayozidi milioni 12 inatozwa asilimia 30. Nimekutana na mafundi waliolipa kama wenye maduka miaka mitatu, siku ya ukaguzi wakaletewa tofauti yote na riba juu.

Ukishaelewa hapo ndipo unaelewa thamani ya risiti. Kwa mtu wa faida kama ya Nyaya, kila risiti ya laki moja inayopotea ni elfu thelathini taslimu.

Nyaya, shemeji yako amefanya kazi nzuri, ila nina maswali mawili.

La kwanza, hiyo 2,500,000 waliikata kwenye milioni 50 nzima? Hiyo ni asilimia 5 ya malipo yote. Kwa kazi za ujenzi sheria inagawa malipo kwa uwiano wa 3 kwa 2, vifaa tatu, huduma mbili, na zuio linakatwa kwenye sehemu ya huduma tu. Milioni 50 gawa kwa tano, zidisha kwa mbili, unapata milioni 20. Asilimia 5 yake ni milioni 1. Walikukata milioni moja na nusu zaidi. Imerudi kwenye kodi ya mwaka, sawa, lakini kwa miezi mingapi fedha yako ya kununulia nyaya ilikaa kwa mtu mwingine? Mhasibu anayejua kazi yake anaandika mgawanyo huo kwenye ankara yenyewe kabla haijatoka, ili mlipaji asiwe na cha kubuni.

La pili, pikapu iko wapi kwenye hesabu zako?

Nyaya_Dom

Pikapu? Mafuta niliweka, na matairi.

Leja_Nyekundu

Sijauliza mafuta. Umeinunua lini na kwa kiasi gani?

Nyaya_Dom

2022, milioni 16.

Leja_Nyekundu

Basi hapo kuna fedha imelala. Gari la mizigo lisilofika tani 7 lipo kundi la kwanza la uchakavu, pamoja na kompyuta na mitambo ya ujenzi. Asilimia 37.5 kwa mwaka, na kila mwaka unahesabu kwenye thamani iliyobaki. 2022 ilikuwa milioni 6, ikabaki 10. Kwa 2023 ni 3,750,000 ya gharama ambayo hukuidai. Ukiitumia pia kwenda sokoni na kanisani, sehemu hiyo itolewe, usiwe mchoyo. Ongea na shemeji mwombe marekebisho ya ritani.

Halafu niseme kitu kuhusu vibarua, maana hapo ndipo ukaguzi unapowakamata wengi. Kibarua hana mashine ya EFD, kila mtu anajua. Lakini "vibarua milioni 9" kwenye mstari mmoja haikubaliki popote. Chukua karatasi moja kila wiki: jina kamili, namba ya NIDA, simu, siku alizofanya, kiasi, saini au dole gumba. Ukilipa kwa simu ni bora zaidi, ujumbe wa muamala unabaki. Na uangalie 270,000 kwa mwezi. Anayezidi hapo unatakiwa umkate PAYE, kodi ya mshahara. Wakifika kumi kuna tozo ya ujuzi, SDL. NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (fidia kwa wafanyakazi) nazo zina sheria zake. Sisemi haya kukutisha. Fundi anayeajiri watu watano na anayeajiri kumi na wawili hawawezi kutaja bei moja kwa kazi ileile, na mara nyingi hajui mpaka ameshasaini.

Kuhusu kichwa cha uzi wako, jibu langu ni kwamba nataka kuiona BOQ, yaani mchanganuo wa kazi na vifaa, kabla hujaweka bei. Nikiiona Juni nakuandikia wasifu wa marehemu.

Tingatinga77

Mimi nitakuwa mpinzani kidogo. Wahasibu mnaongea vizuri humu, mtaani ni vishoka watupu.

2021 nilikuwa na jamaa, ana ofisi, ana meza, ana kalenda ukutani. Kila robo mwaka nampa fedha taslimu "akanilipie". Ananipa karatasi ina mhuri. Nilipoenda kuomba cheti cha kutodaiwa kodi ili niombe zabuni, naambiwa ritani zangu ni za sifuri, hakuna kilicholipwa. Kurudi kwenye ofisi yake, nakuta dada anasuka nywele. Nilianza upya, kodi, faini na riba. Mkataba niliokuwa naufukuzia ukapita.

Kwa hiyo mkiniambia "tafuta mhasibu" mniambie kwanza namjuaje.

Leja_Nyekundu

Pole sana kaka, na hasira zako nazielewa.

Anayejiita CPA awe kwenye orodha ya NBAA, bodi ya wahasibu, uliza huko bila aibu, daktari naye anaulizwa. Mshauri wa kodi awe amesajiliwa na TRA, mamlaka ya mapato. Kodi hailipwi mkononi mwa mtu: omba namba ya malipo ya serikali, lipa mwenyewe kwa simu au benki, yeye mtumie ushahidi. Nywila ya akaunti yako ya TRA ibaki kwako, na barua pepe na simu zilizosajiliwa pale ziwe zako, si zake. Yule wako angekuwa mwaminifu bado ungekuwa hatarini, maana siku akifa ungeanza kumtafuta kaburini akupe nywila.

Na kila ritani ikishatumwa, omba nakala, uisome mstari wa mauzo tu. Kama uliuza milioni 80 na pameandikwa 0, huhitaji shahada kujua.

Mama_Zege

Nimecheka dada anasuka nywele, samahani Tingatinga.

Mimi niko Mwanza, majengo, naomba sana zabuni za makundi maalumu kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni. Hizi asilimia 30 za wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu zimenifungulia milango kweli. Ushuhuda wangu ni wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani.

Kuna mwaka nilikuwa naelekea mauzo ya milioni 200. Kazi ya milioni 60 ikatokea, nikaandika bei, nikataka kuituma. Dada yangu anayeniwekea hesabu akaniuliza, "Dada, hii sitini ina VAT ndani au haina?" Nikamjibu sijasajiliwa VAT, haina. Akaniambia, ukiipata hii utavuka kiwango, utalazimika kusajiliwa katikati ya kazi, na mteja atasema bei yako ni ileile sitini. Akapiga kikokotoo: kwenye milioni 60 yenye VAT ndani, 9,152,542 si yako. Faida niliyoweka mimi ilikuwa milioni 8!

Tulijisajili mapema, tukaandika bei bila VAT na VAT kwenye mstari wake. Tena vifaa nilivyonunua, ile VAT ya saruji na nondo nikaanza kuidai, maana risiti zilikuwa na jina na TIN yangu, namba ya mlipakodi. Kabla ya hapo nilikuwa naambiwa dukani "niandike jina gani?" nasema andika lolote.

Kazi sikuipata, aliyeshinda aliweka bei ya chini. Nilimwona baadaye, hakuwa na furaha.

Kijiko_na_Karai

"Andika lolote" hahaha. Mimi risiti zangu nyingi zimeandikwa jina la fundi msaidizi, kwa kuwa yeye ndiye anayetumwa.

Leja_Nyekundu

Kijiko, acha mchezo huo kuanzia kesho asubuhi. Mpe kijana kadi ndogo ina jina lako la biashara na TIN, aiweke kwenye kava la simu. Muuzaji ananakili tu.

Sparki_wa_Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Nawasoma naona ni kama mwaandika habari zangu, ila majina yabadilika.

Huku kwetu mteja wa kampuni akata asilimia 3 kwa kazi za kandarasi kwa mkaazi, na cheti chatoka iTax, mfumo wetu wa kodi mtandaoni. Kama hukukiona, huyo hakupeleka, mfuate mapema. Tangu Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi, na hapo ndipo pametuuma, kwa sababu yule fundi wa kuchonga mbao kule Bombolulu hana eTIMS, na mchanga wauzwa na mtu wa lori asiyekuwa na chochote. Mhasibu wangu alinifanyia jambo moja la maana. Alikaa na mimi akaniorodheshea ninaonunua kwao wote, akapiga mstari mwekundu kwa wasiokuwa na eTIMS, akaniambia bei yao ni lazima iwe chini kwa kiasi fulani ndipo walingane na wale walio nayo. Nilikuwa naona nanunua rahisi, kumbe nanunua ghali.

Ritani huku pia ni 30 Juni. Foleni ya saiba siku ya mwisho muijue.

Mbeba_Matofali_UK

Nikiongezea kutoka Uingereza, niko kwenye ujenzi kama mtu wa kujitegemea. Hapa mkandarasi mkuu anakukata 20% kabla hajakulipa, na kama hukujisajili kwenye ule mpango wao wa CIS anakata 30%. Mwaka wa kodi unaisha 5 Aprili. Wabongo wengi wanaofika wanakatwa 30% mwaka mzima kwa kutojua tu kujisajili. Mhasibu wangu kila mwaka anaweka nauli ya saiti, viatu vya chuma, vifaa, halafu narudishiwa fedha. Mwaka wa kwanza sikuwa naye, niliiachia serikali ya Mfalme.

Tingatinga77

Sawa, nimeanza kulainika. Sasa bei. Kwa nini mhasibu asilipwe asilimia ya kodi aliyonipunguzia? Akiniokolea milioni, achukue laki mbili. Akishindwa, hali kitu.

Leja_Nyekundu

Hilo mimi nalikataa kila mara, na wateja wengine wameondoka kwa hilo. Ukinilipa kwa kodi niliyopunguza, umenipa sababu ya kukuandikia gharama za uongo. Siku ya ukaguzi mimi nimeshakula laki mbili zangu, anayekaa kwenye kiti cha moto ni wewe. Na kumbukumbu unatakiwa uzitunze miaka mitano, kwa hiyo hiyo siku inaweza kuja ukiwa umeshasahau jina langu.

Kwa mafundi wadogo mimi nafanya hivi: ada ndogo ya mwezi, na siku za pilika naongeza kwa kazi maalumu kama kusoma mkataba au kujibu barua ya TRA. Kila Jumamosi jioni mteja ananitumia picha za risiti WhatsApp, kila picha imeandikwa jina la saiti. Kazi ya ndoo inachukua wiki mbili, kazi ya picha inachukua saa moja kwa wiki. Ndiyo maana bei ya ndoo ni kubwa. Wengi hawaamini mpaka niwaoneshe.

Na kuna jambo halijasemwa humu, nalo ni mtiririko wa fedha. Nimeona mafundi wazuri wanakufa kibiashara huku vitabu vyao vina faida. Nikipewa mkataba, kabla ya kodi natafuta vitu vichache. Cheti cha malipo kinatoka kila baada ya siku ngapi, na kikishatoka fedha inachukua siku ngapi? Malipo ya awali yapo? Ukisubirishwa na fundi mwingine, siku zile nani analipa? Fedha ya matazamio ni asilimia ngapi, na inaachiliwa kwa barua ya nani? Kisha nachora wiki kwa wiki: Jumamosi hii vibarua laki nane, Jumatano nyaya milioni sita, malipo ya kwanza wiki ya tisa. Ukiona wiki ya tano umeshuka chini ya sifuri kwa milioni 11, unajua kabla ya kusaini kwamba unahitaji malipo ya awali, au mkopo, au uiache kazi. Siku 23 za Nyaya zingeonekana kwenye karatasi hii, au angalau zingekuwa na kifungu cha kuzidai.

Na awamu za Machi, Juni, Septemba na Desemba msizione adhabu. Makadirio ya Machi yanaweza kurekebishwa kazi ikipungua. Fundi aliyepata kazi kubwa Februari halafu akakaa bure mpaka Oktoba analipa kama bado yuko Februari kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kubadilisha.

Mwamba_wa_Singida

Wakuu naomba msaada wa haraka. Nimeletewa makadirio baada ya ukaguzi, kiasi kimenizidi, gharama zangu za vibarua zimekataliwa zote. Nina wiki ya tatu sasa. Rafiki ananiambia niende tu nikaongee.

Leja_Nyekundu

Nenda ukaongee, lakini uwe umeshaandika pingamizi. Una siku 30 tangu ulipopokea makadirio, na kuongea hakusimamishi saa. Sababu ziandikwe moja moja, vielelezo viambatishwe. Na ujue kuna fedha ya kuweka ili pingamizi lipokelewe: ile kodi usiyoibishia, au theluthi moja ya iliyokadiriwa, ipi kubwa. Kama huna, andika barua ya kuomba upunguziwe au usamehewe amana hiyo, na sababu zako. Tafuta mhasibu leo, hata kama ni kwa kazi hiyo moja tu. Orodha za vibarua unazo?

Mwamba_wa_Singida

Ninazo kwenye daftari la kijana msimamizi, ila hazina saini. Simu zao ninazo, na nililipa kwa simu wengi wao.

Leja_Nyekundu

Hapo una pa kushika. Omba taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu, oanisha jina kwa jina na daftari. Anza usiku huu.

Mama_Zege

Mwamba, utuletee mrejesho. Na msimamizi wako umsamehe, hakufundishwa.

Nyaya_Dom

Wakuu nimerudi, imepita kama miezi miwili.

Shemeji aliomba marekebisho ya pikapu. Tuliandika ukweli, asilimia 20 ni matumizi ya nyumbani, kwa hiyo tukadai milioni 3 kwenye 3,750,000. Ilipokubaliwa ikawa laki tisa kwa faida yangu, imebaki kama akiba kwenye akaunti yangu ya kodi, inaenda kula awamu inayokuja. Leja, soda yako ipo.

Kazi mbili mpya nimeziwekea bei pamoja na shemeji. Ya kwanza, jengo la ghorofa mbili. Tuliweka kifungu kwamba nikisubirishwa zaidi ya siku saba, kila siku ina bei yake. Mkandarasi mkuu akacheka, akasema fundi umeme umekuwa wakili. Akampa mwingine. Nilikasirika siku mbili, nisidanganye. Ya pili amekubali kifungu na malipo ya awali asilimia 20, ila amenishusha bei kidogo. Niliweza kukubali pale pale kwenye simu kwa sababu nilijua mwisho wangu uko wapi, karatasi ilikuwa mbele yangu. Zamani ningesema "tutaongea bosi" halafu nikubali chochote.

Zile milioni 5 za matazamio bado. Shemeji ameweka tarehe kwenye kalenda, wiki mbili kabla twende tukakague swichi na taa wenyewe, tusipewe kisingizio.

Risiti napiga picha hapohapo kaunta kabla sijaingia kwenye gari. Ndoo mama watoto kapandia pilipili.

Kijiko_na_Karai

Mkuu naomba namba ya shemeji.

Nyaya_Dom

Njoo PM. Ila kiroba kiache nyumbani, hapokei.